MTOTO WA KULEA NA ASILI YAKE: SOMO KUTOKA KAMBI YETU YA AGOSTI

Kila mwaka ukurasa huu wa somo huandikwa juu ya ngeli, ushairi au methali. Mwaka huu mlezi wa chama aliniita akaniambia, "Wewe utaandika juu ya kambi." Nikamwuliza, "Kwani kambi nayo ni somo, mwalimu?" Akanijibu, "Ukiiandika vizuri itakuwa somo. Ukiiandika vibaya itakuwa insha ya likizo." Basi mimi nitajaribu. Nikiteleza, nisameheni.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii sote twaijua tangu darasa la nne. Lakini je, kazi yenyewe ya kulea yaishia wapi? Ukimpa mtoto chakula, nguo na karo, umemaliza? Hilo ndilo swali la somo hili.

1. MANENO KWANZA

Sisi wanachama wa Kiswahili hatuwezi kuanza safari bila kukagua maneno. Wengi wetu huyachanganya haya yafuatayo.

Kuasili mtoto ni kumchukua mtoto usiyemzaa akawa wako kwa amri ya mahakama. Neno lenyewe latokana na "asili", yaani chanzo. Baada ya amri hiyo mtoto huwa na haki zote za mtoto wa kuzaliwa, urithi ukiwemo. Wengine husema kupanga mtoto, ndiposa ukasikia "mtoto wa kupanga". Usilichanganye na kuasi, ambako ni kukataa kutii, ingawa mtoto aliyeasiliwa naye aweza kuasi kama sisi wengine.

Kafala ni ulezi kwa mujibu wa dini ya Kiislamu, na kwetu Kwale, ambako wengi ni Waislamu, ndio uliozoeleka. Mlezi humtunza mtoto kama wake, lakini mtoto hubaki na jina la baba yake mzazi. Harithi moja kwa moja kama mtoto wa damu, ila mlezi aweza kumwachia mali kwa wasia, isizidi theluthi moja. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala.

Mtoto wa kambo ni yule aliyezaliwa na mumeo au mkeo kwa ndoa nyingine. Huyu si wa kuasiliwa, jamani. Mara ngapi twasikia mtu akiitwa wa kambo na hana hata harufu ya ukambo!

Mlezi ni neno la pande mbili. Mlezi wa chama ni mwalimu wetu. Mlezi wa mtoto ni yule anayeamka usiku mtoto akikohoa.

2. KAMBI HIZI ZILITOKA WAPI?

Baada ya vita vya Korea kusimama mwaka 1953, watoto wengi wa nchi hiyo walianza kupelekwa ng'ambo kuasiliwa. Kwa miongo iliyofuata walifika kiasi cha 200,000, wengi wao wakienda Marekani. Baadaye wakafuata watoto wa Amerika ya Kusini na ya Kati: Kolombia, Peru, Guatemala na kwingineko. Hao ndio Wamarekani huwaita Walatino. Kutoka Guatemala peke yake, zaidi ya watoto 4,000 walikwenda Marekani mwaka 2006, na wengine zaidi ya 4,000 mwaka 2007. Mwishoni mwa 2007 nchi hiyo ilipitisha sheria mpya, na mlango ukafungwa, kwa kuwa biashara ya watoto ilikuwa imeingia ndani yake.

Wazazi wale walikuja kugundua jambo. Mtoto anapendwa, anakula, anasoma, lakini akijitazama kwenye kioo haoni mtu nyumbani anayefanana naye. Shuleni anaulizwa, "Wewe watoka wapi?" na jibu hana. Ndipo zikaanzishwa kambi za utamaduni. Katika jimbo la Colorado kambi za aina hii zimekuwepo tangu mwaka 1991. Familia nzima hukaa pamoja siku chache milimani. Watoto hupika vyakula vya nchi walikozaliwa, hucheza ngoma zake, hujifunza maneno ya lugha yake. Wazazi nao huketi kando wakafundishwa namna ya kuyajibu maswali magumu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Neno "Mlatino" ni pana mno. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, mbali na Kihispania. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa na mama Mmaya akipelekwa kambini akafundishwa Kihispania na ngoma za Meksiko, amefundishwa asili ya nani? Ni sawa na mtoto wa Kiduruma akafundishwa taarabu ya Lamu akaambiwa, "Haya, hii ndiyo yenu." Ni nzuri, lakini si yake. Na baadhi ya waliokulia katika kambi zile wamesema ukubwani kwamba kilichowafaa zaidi si ngoma wala chakula. Ni kule kukutana na wenzao waliokuwa na swali lile lile.

3. SHERIA YASEMAJE?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 20 kwamba mtoto aliyekosa familia yake anapotafutiwa malezi, ni lazima kuangaliwa kabila lake, dini yake, utamaduni wake na lugha yake. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 14, inasema mtoto anayepatikana nchini akionekana kuwa chini ya miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Yaani mtoto wa kuokotwa ni Mkenya kamili. Na mnamo Novemba 2014 serikali ilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara haramu ya watoto.

Kwa hivyo tangu wakati huo, mtoto wa pwani anayeasiliwa aghalabu huenda kwa Wakenya wenzetu, Nairobi, Nakuru, Mombasa. Hapandi ndege. Lakini msidhani safari yake ni fupi. Katika nchi hii swali la kwanza ukikutana na mtu ni "Jina?" na la pili, hata kama hulitamki, ni "Kabila?"

4. KAMBI YETU

Kambi yetu ilikuwa ya siku tatu wakati wa likizo ya Agosti. Mzazi mmoja anayefahamiana na mlezi wa chama alikuwa na mtoto wa kuasiliwa aliyezaliwa pwani. Alisikia habari za kambi za Marekani, akauliza kama sisi tungeweza kuandaa ndogo. Zikaja familia sita, nyingine zikivuka Likoni kwa feri, nyingine zikishuka Mariakani na kupitia Kinango. Watoto walikuwa tisa. Sisi wanachama kumi na wawili tukawa wenyeji. Majina yao sitayataja, na wazazi wamenipa ruhusa ya kuandika haya.

Siku ya kwanza ilikuwa ya lugha na chakula. Tuliwafundisha maamkizi, tukawaambia Chidigo na Kiswahili ni ndugu lakini si pacha. Mfano tuliowapa ni wa "wari". Mtoto mmoja aliposikia jioni kuna wari alifurahi akidhani ni wali wa nazi. Sahani ilipofika akaona sima! Kumbe kwa Chidigo wari ndio hiyo sima. Tulicheka sote, naye akala.

Siku ya pili tulikwenda Kaya Kinondo, huko Diani. Msitu huu ni wa hekta 30 hivi, umekaa karibu kabisa na bahari na mahoteli. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Kabla ya kuingia, kila mtu hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Hakiokotwi kitu, hakichumwi kitu, hata jani kavu hulitoi. Mwenyeji wetu alitueleza habari za Singwaya, kwamba kwa masimulizi ya wazee Wamijikenda wote tisa walitoka huko kaskazini wakikimbia vita, wakajificha misituni, na ndio kaya zikazaliwa. Mlezi wa chama akaongeza kwamba hata hilo jina "Mijikenda" lilianza kutumika sana miaka ya 1940. Zamani wengine walituita Wanyika, watu wa porini. Basi watu walikataa jina walilopewa wakachagua lao.

Tulijifunza pia kwamba hapo kale Wadigo walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa fuko la mamake, na mpwa ndiye aliyemrithi mjomba. Uislamu ulipoenea, mambo yakageukia upande wa baba, na kesi za urithi zikawa nyingi. Mama mmoja kutoka Nairobi akasema, "Kumbe hata kuwa mtoto wa nani kunabadilika." Niliyaandika maneno yake kwenye daftari.

5. KOSA LANGU

Hadi hapa ungedhani kambi ilikwenda mswano. La hasha.

Miongoni mwa watoto kulikuwa na mvulana wa miaka tisa. Baba yake ni Mkikuyu, mama yake Mkamba, wanaishi Nairobi. Karatasi zake zasema aliokotwa akiwa mchanga upande wa Ukunda. Siku ile ya kwanza, aliposhuka garini, mimi ndiye niliyempokea. Nikamvisha kofia ya kiua, nikapaza sauti, "Karibu nyumbani, Mdigo wetu amerudi!" Wenzangu wakapiga vigelegele. Watu wakatoa simu wakapiga picha.

Mtoto akaniangalia. Akauliza, "Mimi ni Mdigo?"

Nikasema, "Eeh, si ulizaliwa huku?"

"Mmejuaje?"

Sikuwa na jibu. Mama yake akainama kufungua begi ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa. Yule mtoto akaivua kofia polepole akanirudishia, akasema asante.

Tazama kosa lenyewe. Ukunda ni mji wa kila mtu. Kuna Wadigo, naam, wenye mji. Lakini kuna Waduruma, Wakamba, Waluo, Wakisii, Wataita waliokuja kufanya kazi mahotelini, kuuza mitumba, kuendesha tuktuk. Mtoto mchanga aliyeokotwa pale aweza kuwa wa yeyote katika hao. Mimi nilimpa kabila kama mtu anayegawa sare za shule: hii yakutosha, vaa. Nilifanya lile lile la kumpa Mmaya ngoma ya Meksiko.

Usiku ule sikulala. Na sababu ya kutolala ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika somo hili, maana kati ya wanachama wote kumi na wawili, mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi.

6. NUSU NINAYOIJUA

Wenzangu wa kidato cha tatu wananijua kama mjukuu wa bibi wa Msambweni anayeuza mahamri kwa mbaazi. Hayo ni kweli. Lakini bibi hakumzaa mamangu. Mamangu alikuwa Mmakonde wa upande wa Makongeni. Alikuwa rafiki wa bibi, wakiuza pamoja. Alifariki nikiwa na miaka miwili. Baba alikuwa ameondoka kabla, kutafuta kazi, na hakurudi. Bibi akanichukua.

Wamakonde walianza kuletwa huku kutoka Msumbiji miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walikata mkonge, walilima miwa ya Ramisi, walichonga vinyago, wakazaa watoto na wajukuu. Lakini hawakuhesabiwa kuwa raia. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kupata hati ya shamba, huwezi kupiga kura. Mamangu alikufa hivyo, hana karatasi hata moja inayosema yeye ni wa hapa.

Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa Desemba mwaka huo. Mwaka 2017 wakawa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu nao walitambuliwa mwaka 2023. Mimi nilikuwa darasa la pili wakati wa matembezi yale. Bibi alinishika mkono akanipeleka kando ya barabara, akasema, "Waangalie vizuri. Hao ni watu wa mamako."

Kwa hivyo sikufichwa. Ila nilipoingia sekondari nikanyamaza. Wajua vile watu husema juu ya Wamakonde, ati wanakula hiki, ati ni wachawi wa kile. Mwalimu akisoma jina langu la mwisho, ambalo si la Kidigo, nilisema ni la mtu wa Tanzania. Na moyoni nilikuwa na uchungu mwingine. Nilijiuliza mbona bibi hakunipa jina la mumewe. Nilidhani hakunipenda vya kutosha. Ni ustadhi wetu wa madrasa aliyenieleza habari za kafala: kwamba jina la baba ni haki ya mtoto, na mlezi akilifuta amemnyang'anya. Bibi alikuwa amenitunzia jina miaka yote hiyo, nami nikiliona kama adhabu.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla hatujaenda kaya, nilimtafuta yule mvulana. Alikuwa chini ya mwembe akichora mchanga kwa kijiti. Nikamwomba msamaha, nikamweleza haya yote. Alikuwa mtu wa kwanza shuleni kwetu kuyasikia, na wala si mwanafunzi wa hapa.

Akauliza, "Kwa hivyo hata wewe hujui?"

"Najua nusu."

"Nusu gani?"

"Ya mama. Ya baba sijui sana."

Akafikiri. "Mimi sina hata nusu."

Sikumwambia "usijali". Nilimwambia, "Ukunda iko. Ukitaka twaweza kupita tuione." Mama yake akakubali. Tulipotoka Kinondo gari likapitia Ukunda, tukashuka hapo stendi ya matatu. Alisimama akaangalia watu kwa muda mrefu: wauza ndizi, makanga, akina mama na watoto mgongoni. Kisha akamwambia mama yake, "Kuna watu wengi." Basi. Alinunuliwa mabuyu, akala hadi midomo ikawa myekundu.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, asili ya mtoto haikisiwi. Ikijulikana, aambiwe mapema na kwa ukweli. Isipojulikana, aambiwe pia kwamba haijulikani. Uongo mtamu huchacha.

Pili, mahali napo ni asili. Yule mvulana hawezi kudai damu ya Kidigo, lakini Ukunda ni yake. Hiyo hakuna awezaye kumnyima, na Katiba iko upande wake.

Tatu, kambi ya siku tatu si dawa. Ngoma na kaniki ni mlango tu. Kazi yenyewe ni ya nyumbani, siku zile mia tatu na zaidi zilizobaki.

Nne, mtoto asigeuzwe maonyesho. Mwaka ujao, tukijaliwa, hakuna picha siku ya kwanza, na hakuna kumvisha mtu kitu kabla ya kumwuliza.

8. TAMATI

Siku ya mwisho bibi alikuja kutusaidia kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama wa yule mvulana akakaa naye jikoni. Nilimsikia akimwuliza, "Mama, huyu binti ulimfundishaje asili yake?"

Bibi hakuacha kukuna nazi. Akasema, "Mimi sikumfundisha, mwanangu. Sikumficha tu."

Hayo ndiyo yaliyonifunga kazi. Bibi hakunificha. Aliyejificha ni mimi. Basi kwa ukurasa huu natoka nje. Kuanzia leo mkinisikia naitwa kwa jina langu la mwisho, msiulize kama ni la Tanzania. Ni jina la Kimakonde, la Msambweni, kaunti ya Kwale, na mwenye jina ni huyu huyu mnayemwomba mahamri kwa mkopo.

MASWALI YA MJADALA KATIKA VIKAO VYA CHAMA

1. Eleza tofauti kati ya kuasili, kafala na kambo, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.
2. "Damu nzito kuliko maji." "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Je, methali hizi mbili zapingana? Toa sababu.
3. Ungekuwa wewe uliyempokea yule mvulana alipouliza "Mimi ni Mdigo?", ungemjibu nini?
4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu chanzo cha jina la ukoo wako. Andika alivyokwambia, bila kuongeza chumvi.